Je, Yajuzu Kuwaigiza Wazee kwa Ajili ya Kuwatetea?

Vijana wa darsa yetu wameuliza swali lisilofaa kujibiwa kwa pupa: je, yajuzu kuandaa mchezo wa kuigiza wenye kuonyesha namna wazee wetu wanavyopuuzwa majumbani, ili watu wazinduke? Wako waliowajibu kwamba mchezo ni upuuzi, na mwenye kuigiza asema uwongo. Khutuba ya Ijumaa yatosha.

Sisi twasema: lau khutuba ingalitosha, wasingalikuwako wazee wenye kulia peke yao. Ni nani katika sisi asiyejua kwamba katika Suratul Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu amefuatisha amri ya kumwabudu Yeye kwa amri ya kuwafanyia wema wazazi, akakataza hata neno dogo la kuguna mbele yao wafikapo uzeeni? Twaijua tangu chuoni. Mtoto apelekaye pesa kila mwezi kutoka Nairobi au Jeddah huisikia aya hii na moyo wake umetulia, kwa kudhani kwamba ameshaitekeleza. Hajui kwamba mamake hukaa chumba cha nyuma tangu alfajiri mpaka magharibi bila ya kusemezwa. Uji wake huletwa umepoa. Na akitaka kupelekwa chooni huita mara tatu, kisha hunyamaza. Mtoto huyu hakukosa ilimu. Alilolikosa ni kuona, na kazi ya mchezo ni kuonyesha.

Ama kusema kwamba kuigiza ni uwongo, hilo halisimami. Uwongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa. Na mtazamaji ajua kwamba yule kijana aliyejipaka mvi za unga si mzee. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, Jibrili alimjia Mtume (S.A.W.) kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno, akauliza khabari za Uislamu, imani na ihsani mfano wa asiyejua, na huku ajua. Baada ya kwenda zake, Mtume akaeleza kwamba huyo alikuja kuwafundisha watu dini yao. Tena husimuliwa kisa cha Hasan na Husein walipomwona mzee akikosea udhu: hawakumkemea, bali walijifanya washindani, wakamwomba awe hakimu baina yao, naye akayatambua makosa yake mwenyewe. Walimfundisha bila ya kumvunjia heshima.

Na hapo ndipo penye sharti. Mara nyingi katika michezo mzee huletwa jukwaani ili achekwe: kikohozi chake, kusahau kwake, mkongojo wake. Mchezo wa namna hiyo ni dhihaka, na dhihaka imekatazwa katika Suratul Hujurat, hata ikiitwa mafunzo. Wala haijuzu kutoa siri ya nyumba fulani hata majirani wakaitambua. Anayestahiki kufedheheshwa jukwaani ni upuuzi wenyewe, si mzee wala jamaa wa fulani.

Jambo hili si dogo. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi huwako tamaa ya ardhi; wengine wamekimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, kuokoa roho zao. Tusiseme kwamba hayo ni ya watu wa mashamba. Sisi wa mjini hatushiki panga, lakini mzee asiyesemezwa mwaka mzima naye ameshazikwa kabla ya siku yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, imewapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na Serikali. Na mpango wa Inua Jamii huwapa walioandikishwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini hakuna sheria iwezayo kumkalisha mtoto kando ya kitanda cha mamake.

Khatari iliyobaki ni machozi. Mtu aweza kulia ukumbini, akarejea kwake akidhani kwamba amelipa deni. Basi twawausia vijana: mchezo ukimalizika, msiwaache watu watawanyike kwa kupiga makofi. Pangeni zamu mtaa kwa mtaa za kuwazuru wazee wasio na watoto, na kila mwenye mzazi aende kwake usiku ule ule. Mchezo usiofuatwa na hodi katika mlango wa mzee umekuwa mchezo tu.

Wallahu aalam.