Mkulima wa Singida na Bahari Asiyoiona

Mji wa Singida umekaa kando ya maziwa mawili, Singida na Kindai. Maji yake yana chumvi, ila hayana njia ya kufika baharini. Mkulima wa alizeti wa huko yu mbali na kambi ya Wanamaji ya Kigamboni kwa karibu kilomita 700, lakini kodi yake hununua mafuta ya manowari. Je, ana haki gani juu ya bahari asiyoiona?

Unguja ya Sayyid Barghash haikuulizwa swali hili. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza merikebu zake, naye akaagiza Uingereza meli ya Glasgow, iliyokamilika mwaka 1878. Ilikuwa mali ya Sultani na pambo la bandari. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga kasri alimokuwamo Khalid bin Barghash, Glasgow ilizamishwa katika vita visivyotimia saa moja. Milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka mingi.

Jeshi lililoundwa Tanzania mwaka 1964 liliitwa la Wananchi. Jina hilo ni ahadi, na Wanamaji wake wamefungwa nayo. Wapo wasemao kuwa manowari isiyopigana ni gharama tupu. Wahenga wamekwisha kujibu: akiba haiozi. Lakini akiba ina mwenyewe, na mwenyewe hupaswa kuifaidi siku ya shida.

Siku hiyo haingoji vita. Unguja na Pemba hazijaisahau MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Wanamaji walikuwa miongoni mwa waokoaji. Baada ya siku mbili, mtu mmoja alitolewa ndani akiwa hai. Mmoja huyo ni fahari. Wale mia mbili ni deni.

Basi heshima ya jeshi la majini haipimwi kwa mizinga pekee, bali pia kwa upesi wa kumfikia anayezama. Nasi watu wa visiwani, tuliozoea kuiita bahari urithi wetu, yatupasa kukumbuka jambo moja: anayepiga mbizi kumtafuta ndugu yetu huenda ni mtoto wa Singida, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuapa kuilinda.