Mapumziko ya Wawili: Ni Nani Hasa Anayepumzika?



Bwana na bibi mmoja wanaotimiza miaka 25 ya ndoa wametuletea swali. Watoto wao, ambao wawili kati yao wanafanya kazi Ujerumani, wamechanga fedha ili wazazi waende kupumzika juma moja katika visiwa vya Ugiriki. Baba akachukua kalamu na karatasi akapanga yote: siku mbili Mykonos, siku mbili Santorini, siku mbili Krete, na siku moja Athene kutazama magofu ya kale. Mama alipoonyeshwa ile karatasi aliuliza tu, "Baba watoto, na mimi nitapumzika siku gani?" Baba akaona huo ni utovu wa shukrani. Tangu siku hiyo safari haizungumzwi nyumbani, na muda wa kuomba viza unapita.

Huenda wengine wenu mnacheka na kusema kwamba huo ni ugomvi wa walioshiba. La hasha! Swali la mama huyu ni zito, na linawahusu hata wale ambao mapumziko yao ni siku tatu kwa shemeji kule Nyeri au Kakamega. Kupumzika ni kufanya nini? Na je, inawezekana mmoja kumpangia mwenzake mapumziko?

Tusimhukumu baba upesi. Huyu ni mtu aliyelipa karo miaka ishirini. Kwake shilingi isiyoleta kitu ni shilingi iliyopotea. Anajiuliza, "Lini tena tutafika huko?" Hesabu yake ni kwamba sehemu nne zina faida kuliko moja, kama vile mifuko minne ya mahindi inavyoushinda mmoja. Basi hebu tuipige hesabu hiyo pamoja naye.

Kuhama kisiwa si kuruka kijito. Asubuhi mnafunga mizigo na kurudisha ufunguo wa chumba, na mara nyingi chumba kipya hakipatikani hadi alasiri. Mnakwenda bandarini mapema, mnasimama juani na masanduku. Meli ya kasi kati ya Mykonos na Santorini hutumia saa mbili au tatu hivi ikienda vizuri. Lakini miezi ya Julai na Agosti kuna upepo mkali wa kaskazini, ambao Wagiriki huuita meltemi, na ukizidi nguvu wakuu wa bandari huzuia meli kuondoka. Hapo mpango wote unaanguka kama nguo kutoka kwenye kamba, na chumba cha kisiwa cha pili mmekwisha kukilipia. Ukiondoa siku ya kufika na siku ya kurudi, mtu aliyepanga visiwa vitatu na mji mmoja kwa juma moja amejinunulia kazi ya upakiaji. Mshika mbili moja humponyoka, sembuse nne!

Hapa nawaomba mnivumilie nitoke kidogo nje ya bandari. Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani, nao walilipata kwa Kilatini, na Kilatini kililitoa kwa Wagiriki hao hao. Kwao neno hilo, skole, maana yake ya kwanza haikuwa mahali pa kufundishia watoto. Ilikuwa nafasi, wakati ambao mtu hadaiwi kazi na yeyote, naye anaweza kutazama, kufikiri na kuzungumza na rafiki. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba tunafanya kazi kwa ajili ya kupata nafasi hiyo. Sisi tumezoea kugeuza: tunapumzika ili kesho turudi kazini na nguvu, kama ng'ombe wa jembe anayefunguliwa jioni. Kwa Aristotle, mapumziko ya namna hiyo ni sehemu ya kazi tu. Nafasi ya kweli ni ile isiyo na kesho ndani yake.

Fundisho hilo ni zuri, lakini lina doa. Waungwana wa Athene walipata nafasi yao kwa sababu watumwa walichota maji na wake zao walikaa ndani wakisimamia nyumba. Mtu mmoja alifikiri juu ya nyota, na wengine wengi walichoka kwa niaba yake. Na hili ndilo ninalotaka wana ndoa walitazame, maana doa hilo halijatoka. Kuna wanaume wanaosema "tulipumzika vizuri sana pwani" wakati mama alipika, alifua, alitafuta soksi zilizopotea na kukumbuka dawa za presha za kila mtu. Yeye alihamisha jiko tu, akalipeleka baharini. Mapumziko ya nyumba moja ni kama chakula cha sufuria moja. Kama mmoja amepakua yote, mwenzake amelala njaa hata kama walikuwa meza moja.

Kwa hiyo mkikodi nyumba yenye jiko kwa sababu ni nafuu, ambalo ni jambo la busara, amueni kabla ya kuondoka ni nani atakayewasha jiko hilo na siku zipi. Ugiriki hata mume asiyejua kupika anaweza kuandaa mlo: mkate, nyanya, zeituni, jibini na tango havihitaji moto.

Lakini nisimwachie mama bila neno. Amenieleza kwamba mumewe alipomwuliza mwanzoni anataka kwenda wapi, alijibu, "Panga wewe tu." Jibu hilo tunalijua sote. Linaonekana kama unyenyekevu, na pengine ni hivyo, lakini humwacha mwenzako akipiga bunduki gizani. Kisha akikosea shabaha, unamlaumu. Aliyesema "panga wewe" naye ameweka mkono katika ile karatasi.

Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja achukue kipande chake cha karatasi, na asiandike anataka kuona nini. Aandike ni nini kinachomchosha hapa nyumbani. Huenda baba akaandika: simu za watu wa kamati, na kukaa pale pale kila siku. Mama labda ataandika: kuamka kabla ya wengine, kuamua kila jioni kitaliwa nini. Mkibadilishana karatasi mtaelewa kwamba mmoja amechoshwa na kutotembea na mwingine na kutokaa. Hapo ndipo mpango unapoanza.

Wenzi kama hao mimi ningewashauri kisiwa kimoja, au viwili vilivyo karibu. Santorini ni ya ajabu kweli, mji umeketi juu ya ukingo wa volkeno, lakini wakati wa kiangazi meli kubwa hushusha maelfu ya watu, na jioni jua linapotua kijijini Oia watu hubanana kama katika matatu ya saa kumi na mbili. Kutoka bandari ya zamani kupanda mjini Fira kuna ngazi karibu 600. Kuna gari la kamba, lakini nalo lina foleni. Magoti ya miaka hamsini na kitu yafikiriwe.

Tazameni Syros badala yake. Ni makao makuu ya visiwa vya Cyclades, na meli ya kawaida kutoka bandari ya Piraeus huchukua saa nne hivi. Mji wake una vilima viwili. Kimoja ni Ano Syros, mji wa Wakatoliki tangu zama za Wavenisi, na kileleni kuna kanisa kuu la Mtakatifu George. Juu ya kilima cha pili kuna kanisa la Ufufuo la Waorthodoksi. Wakatoliki wa Ugiriki huadhimisha Pasaka tarehe moja na Waorthodoksi, na huko Syros mume wa kilima kimoja kumwoa mke wa kilima cha pili si jambo la kushangaza. Kwa hiyo Misa ya Jumapili ipo, bahari ipo, vichochoro visivyopitika gari vipo kwa baba anayependa kutembea, na viti chini ya miti vipo kwa mama. Akichoka kukaa, au baba akichoka kutembea, Naxos au Tinos si mbali kwa safari ya siku moja au mbili.

Najua msomaji mmoja atauliza, "Na Patmo je, alikokaa Yohane?" Mimi mwenyewe Patmo ingenivuta. Pango linaonyeshwa hadi leo, na juu yake kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088. Lakini hakuna uwanja wa ndege, na meli kutoka Piraeus hutumia takriban saa nane au zaidi. Hiyo ni hija, na hija ina jasho lake. Msiifiche ndani ya mapumziko.

Mengine ni ya haraka. Juni na Septemba zina joto la kutosha na watu wachache kuliko Julai na Agosti. Septemba bahari ni vuguvugu zaidi. Viza ya Schengen huombwa mapema kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, pamoja na bima ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Mkikaa muda mrefu zaidi kwa watoto Ujerumani kuliko Ugiriki, ombi linapelekwa kwa Wajerumani. Na usiku wa mwisho lalani Athene, msije mkaikosa ndege kwa sababu ya upepo.

Linabaki jambo ambalo halikuandikwa katika barua ile, nami nalisema kwa upole. Miaka 25 wawili hawa wamezungumza juu ya karo, ng'ombe, paa na watoto. Watoto wameondoka. Huenda baba anaogopa kuketi siku saba mbele ya mkewe bila ajenda, na sehemu nne ni njia ya kuwa na la kusema. Hofu hiyo si aibu. Ugiriki wakati wa kiangazi kuna saa za utulivu kwa amri, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, ambapo kelele haziruhusiwi. Jua ni kali, madirisha yamefungwa, hakuna cha kutazama. Ndizo saa ngumu kuliko zote kwa wasiozoea. Siku ya kwanza na ya pili mtahangaika. Chukueni bao au karata. Chukueni zile picha za harusi ambazo hamjazitazama tangu mwana wa pili azaliwe. Na mkiona mmoja wenu amesinzia kitini, mwingine asimwamshe ili wapigwe picha.