Ufunguo Ulikwenda Mlandizi

Kisa hiki ni cha kutunga, ila makosa yaliyomo ni ya kweli, na huua.

Mama mmoja wa Mkuza, Kibaha, alifika kliniki ya meno shavu limevimba. Daktari akamuuliza, "Mama, una mzio wa dawa yoyote?" Akajibu, "Hapana, daktari." Akapewa amoksilini, akameza kidonge cha kwanza palepale, akakaa kwenye benchi na bintiye.

Haikupita robo saa, viganja vikaanza kumwasha. Midomo ikavimba, sauti ikakauka, kifua kikalia filimbi. "Ni woga tu," akasema muuguzi, akamwinua amtoe nje apate hewa. Hatua ya tatu, mama akaanguka.

Daktari akaagiza adrenalini. Ilikuwepo, imefungiwa kabatini. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa kliniki, naye alikwenda Mlandizi. Wakamchoma haidrokotisoni iliyokuwa mezani, wakangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo: mama hakufika hospitali ya Tumbi akiwa hai. Bintiye alilia, "Mama, si dawa hizi hizi za rangi mbili zilikukataa mwaka juzi?"

Kumbe mama alijua. Neno "mzio" ndilo hakulijua.

Basi, uliza kwa lugha ya mgonjwa: "Kuna dawa iliyowahi kukukataa, ikakutoa vipele, ikakuvimbisha au kukubana pumzi?" Jibu liandikwe kwa wino mwekundu juu ya faili.

Aliyezirai kwa woga hupauka, na akilazwa huzinduka upesi. Anayewashwa, akavimba na kubanwa pumzi, ana mzio mkali. Mlaze chali, miguu juu. Akihema kwa shida, mwache aketi miguu ikiwa imenyooshwa. Usimsimamishe kamwe: damu hushukia miguuni, moyo ukakosa cha kusukuma.

Adrenalini ndiyo ya kwanza. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Mpe oksijeni. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Koo linaloziba haliisubiri. Kisha apelekwe hospitali hata akipata nafuu, maana dalili huweza kurudi baadaye.

Kesho, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi kitini, nyoosha mkono: je, adrenalini unaifikia bila ufunguo?