Kibaba cha Mfuto

Kipimo ni ahadi iliyofanywa chombo. Ulimi waweza kusema kweli asubuhi na uwongo jioni. Chombo chenye kina na upana uliokubaliwa na watu hakigeuki kwa saa. Ndiyo maana kila mahali walipokutana watu wawili, mmoja mwenye nafaka na mwingine mwenye haja, kilitafutwa chombo cha kusimama kati yao. Lakini chombo hicho ni cha nani? Ni cha muuzaji, ni cha mnunuzi, au ni cha soko zima?

Swali hili si la vitabuni tu. Liko Kwa Sadala, katika Wilaya ya Hai, kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Arusha. Huko ndizi huuzwa kwa mkungu, na mkungu hupimwa kwa jicho. Nyanya huuzwa kwa fungu. Maharage na mahindi hupimwa kwa sado, kopo la rangi la lita 4 lililoacha kazi ya ukutani likapata kazi ya sokoni. Sado 5 hufanya debe. Chukua mfano wa mama ashukaye kutoka migombani Masama na maharage yake kichwani. Hukutana na mchuuzi mwenye sado yake mkononi. Sado ile hujazwa mpaka maharage yasimame kilele, yaporomoke pembeni, kisha yaongezwe tena. Kilichosimama juu ya ukingo hakina bei. Hapana aliyesema uwongo, wala hapana aliyeiba gizani. Walakini mama hurejea nyumbani na fedha chache kuliko jasho lake. Dhuluma iko wapi?

Wazee wa pwani walikuwa na maneno ya kuijibu. Walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba 4 vilikuwa pishi moja. Lakini hawakutosheka kusema kibaba. Kilikuwako kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilele, na kilikuwako kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Aliyetaja bei alijua alitaja ya kipi. Chombo kilikuwa kimoja, ila hesabu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na jina lake. Kilele kilichopewa jina chaweza kutozwa bei. Kisicho na jina huchukuliwa bure.

Yupo atakayesema kwamba kilele ni ukarimu, na kwamba jirani anayefuta ukingo wa kibaba ana mkono wa birika. Neno hili lina uzito wake. Mlimani, kata ya mbege haitolewi kwa mgeni kwa kuhesabiwa matone, na aliyefanya hivyo angejitia aibu. Lakini ukarimu una mwanzo wake, nao ni pale haki inapokwisha kutimizwa. Mwenye kufuta kibaba, kisha akaongeza konzi moja kwa hiari yake, ametoa zawadi, na mpokeaji anajua kiasi cha kushukuru. Mwenye kudaiwa kilele kabla ya bei kutajwa hakutoa zawadi. Ametozwa kodi na mtu asiye serikali. Ukingo usipojulikana, wizi haujulikani, wala wema haujulikani. Mfuto, basi, si adui wa ukarimu. Ndio unaoutenga na dhuluma.

Tena haitoshi ukingo ujulikane na mmoja. Miji ya kale ya Ulaya ilifahamu jambo hili. Vienna, kwenye ukuta wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, karibu na mlango mkubwa, zimekazwa fito mbili za chuma zilizokuwa kipimo cha nguo. Freiburg, nchini Ujerumani, barazani mwa kanisa kuu, ukubwa wa mikate umechorwa katika jiwe, na mmoja wa michoro hiyo una mwaka 1270. Paris, mita za marumaru ziliwekwa mitaani mwaka 1796 na 1797 ili wapitao wakizoee kipimo kipya. Moja ingali katika mtaa wa Vaugirard. Vipimo hivi havikufungiwa sandukuni. Viliwekwa njiani, penye miguu ya watu, ili mnyonge apime bila kumwomba ruhusa mwenye nguvu.

Uchagga nao ulijua alama ya namna hii. Sale liliota mpakani mwa kihamba, mbele ya macho ya wote. Halikuwa la jirani huyu wala la yule. Lilikuwa la amani iliyo kati yao, na kulihamisha kulikuwa aibu kubwa.

Leo Tanzania ina Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kichwa, imekatazwa. Makatazo ni mema, lakini mama wa Masama haendi sokoni na kitabu cha sheria. Anahitaji kipimo kilichosimama palepale penye maharage yake, kisicho cha mchuuzi wala chake, awezacho kukiendea kwa miguu yake na kukisoma kwa macho yake.

Haba na haba hujaza kibaba; na haba na haba, isipofutwa, humwaga cha mwenziwe.