Mwanachuoni Katika Nyumba ya Mshindi

Nasir al-Din al-Tusi alizaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka wa 1201. Angali kijana, Wamongoli waliingia nchi yake kwa moto na upanga, naye akapata hifadhi katika ngome za Waismailia. Huko alitunga kitabu cha maadili, Akhlaq-i Nasiri, akakipa jina la liwali mfadhili wake. Alamut ilipoanguka mwaka wa 1256, alimtumikia Hulagu, adui wa waliomhifadhi. Mwaka wa 1258 Baghdad ilitekwa, khalifa akauawa na watu wengi mno. Al-Tusi alikuwa katika msafara wa mshindi.

Je, ni halali mwanachuoni kula mkate wa muuaji ili elimu ipate kuishi?

Wakali husema si halali. Mshindi hana haja ya nyota; ana haja ya joho la heshima la kufunikia damu, na mwanachuoni ndiye fundi alishonaye.

Wapole hujibu kwamba kukataa kwake kusingalimfufua maiti hata mmoja. Mwaka wa 1259, kwa mali ya Hulagu, ilianza kujengwa Maragha nyumba ya kutazamia nyota. Al-Urdi alitoka Dameski kuunda vyombo vyake. Ibn al-Fuwati, mvulana wa Baghdad aliyechukuliwa mateka, akawa mtunza vitabu huko. Al-Tusi alithibitisha kwamba duara dogo likibingirika ndani ya duara lenye kipenyo mara mbili yake, nukta ya ukingoni huenda na kurudi katika mstari mnyofu. Hesabu ya namna hiyo imo pia katika kitabu cha Copernicus cha mwaka wa 1543.

Hoja zote mbili zina uzito, walakini faida si kafara. Nyota zilizopimwa Maragha hazilipi deni la Baghdad. Kupokea vitabu, vyombo na uhai wa mateka mkononi mwa dhalimu si aibu. Aibu huanza ulimi unapouzwa pamoja na kazi. Al-Tusi aliiandika upya dibaji ya kitabu chake cha maadili, akafuta sifa za wafadhili wa kwanza na kusema alizitoa kwa kulazimishwa. Pengine ni kweli. Lakini hata kweli hiyo aliisema chini ya bwana mwingine.

Alikufa mwaka wa 1274, Baghdad ile ile. Anayemhukumu akiwa salama apunguze ukali, ila asiache kuhukumu. Maana elimu huokoka kwa werevu, na heshima yake huokoka kwa ukweli tu.