Matundu Matatu

Israfu ya kumwaga tumefundishwa sote tangu chuoni: wali usibakishwe sahanini, maji yasiachwe yakatiririka. Lakini iko israfu nyingine ambayo sijapata kuisikia ikitolewa hukumu ya kunitosheleza, nayo ni ya mtu mwenye uwezo wa kufanya sita akafanya matatu. Je, huyu naye amepoteza? Na alichopoteza ni chake mwenyewe, au ni cha wanaomtegemea?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata Jang'ombe, uani kwa mjomba wangu, aliyekuwa akisubu machubwi ya mishipi na kuwauzia wavuvi. Kalibu yake ilikuwa ya chuma, vipande viwili vinavyofumbana kama midomo, na ndani yake matundu sita. Risasi aliipata katika betri kuukuu za magari, akaiyeyusha juu ya seredani; si madini sugu, huyeyuka kwenye nyuzi 327, na moto wa mkaa unayaweza. (Lugha yetu huita kwa jina moja madini hayo na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Wala si ajabu, maana zama za magobori, moto, upawa na kalibu ndivyo vilivyoigeuza risasi kuwa risasi.)

Basi katika matundu sita, mjomba alijaza matatu. Mkaza mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa akihesabu fedha za unga na ada za skuli, alimwuliza mara nyingi, nami nikisikia: "Baba watoto, hayo matatu mengine uliyanunulia nini?"

Mjomba alikuwa na sababu zake, na za kifundi khasa. Upawa wake ulibeba risasi ya kutosha matundu matatu. Akitaka kujaza sita, ilimbidi achote mara mbili, na mpaka arudi, kalibu imepoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili. Chubwi lililomiminwa katika chuma kilichopoa hutoka na makunyanzi, au hutoka nusu. Tena matundu hayakuwa sawa. Aliyeyachonga ni binadamu, na machubwi ya matundu yale ya mwisho yalikuwa mepesi kidogo. Kidogo tu, utasema. Lakini mvuvi wa mshipi haoni kinachotendeka chini. Macho yake yamo kidoleni. Amezoea uzito fulani, na kwa uzito huo anajua kama ni mkondo, ni mwamba, au ni samaki anayeonja chambo. Kumpa leo zito na kesho jepesi ni kumchezea kidole chake.

Kwa hiyo, mbele ya mvuvi, matundu yale tupu hayakuwa israfu. Yalikuwa amana. Nathubutu kusema kwamba kazi nyingi mbovu tunazoziona siku hizi, nyumba zilizopasuka kabla hazijahamiwa na nguo zinazochanika kwa kufuliwa mara moja, zimefanywa na watu waliojaza matundu yote.

Hata hivyo sikuweza kumwona mkaza mjomba kuwa ni mwenye tamaa. Ni rahisi kwa fundi kusifiwa uaminifu wake pwani; bei ya uaminifu ule ililipwa jikoni, na aliyeilipa hakuwahi kusifiwa na mtu. Anayejizuia kwa mali yake peke yake ana wema. Anayejizuia na wengine wakapungukiwa, naye ana wema, lakini anadaiwa maelezo. Mjomba hakupenda kutoa maelezo.

Na liko jambo ambalo hao wawili hawakuligusa katika ubishi wao wote. Anayejaza matatu badala ya sita, ikiwa idadi aliyoagizwa ni ileile, hukaa motoni muda maradufu. Chungu kinachemka mara mbili, uchafu wa juu unaenguliwa mara mbili, na vumbi lake linatua uani, wanakocheza watoto. Leo tunajua zaidi kuhusu vumbi hilo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama, na kwamba mtoto hunyonya mara nne hadi tano ya anachonyonya mtu mzima katika kiasi kilekile alichokimeza. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Kile kilikuwa kiwanda na hii ni seredani moja, lakini sumu ni ileile.

Hapo ndipo hesabu yangu inapovurugika. Uangalifu uleule uliomlinda mvuvi uliwaongezea watoto moshi. Mjomba hakuwa akifanya ubaya. Alikuwa akitazama upande wa baharini tu, na mkewe akitazama mfuko. Sijui kama yupo mtu anayeweza kutazama pande zote tatu kwa pamoja huku ameshika upawa wa moto.

Miaka ya mwisho ya kazi yake alilitoa seredani uani, akalipeleka kwenye uwanja mtupu nje ya mtaa, akiondoka baada ya alfajiri na kurudi jua limepanda. Njia ilimlia muda, machubwi yakapungua, na mkaza mjomba akaanza kukaanga mihogo ya kuuza jioni. Matundu yalibaki matatu.