Haki ya Jirani Katika Mji Mgeni

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia wanaadamu kuwa makabila mbalimbali ili wajuane. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake. Amma baad.

Muislamu anayehamia mji mgeni hukutwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni upweke, unaomfanya amkumbatie kila anayemchekea. Wa pili ni hofu, inayomfanya ajifungie na watu wa kwao tu, asijue hata jina la aliyepakana naye ukuta. Wa kwanza humharibia dini yake, na wa pili humpotezea haki za jirani yake; na kwa yote mawili ataulizwa Siku ya Kiama.

Mji wa Durban, Afrika ya Kusini, una mazingatio kwa mwenye kuzingatia. Mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilianza kushusha huko watu waliookolewa baharini walipokuwa wakipelekwa utumwani. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa waliletwa kutoka Unguja wakaitwa Wazanzibari. Hawakuwa na mali wala jamaa. Walishikamana na Uislamu wao, na Waislamu wa Kihindi wa msikiti wa Grey Street wakawapatia ardhi pahala paitwapo Kings Rest, wakaishi hapo na msikiti wao mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamisha katika miaka ya 1960.

Katika mji huo huo liko bonde la Cato Manor, ambalo Wazulu huliita Mkhumbane. Wahindi walilima mboga hapo na kuwapangisha viwanja Waafrika waliotoka mashamba kutafuta kazi. Kila siku waliuziana na kulipana kodi. Lakini kuuziana si kujuana, na sheria za wakati ule ziliwapanga watu kwa daraja ili wasikae mkeka mmoja. Januari 1949 ugomvi wa dukani mjini, baina ya Mhindi na kijana wa Kiafrika, uliwaka ukafika mpaka bondeni, na kwa hesabu ya serikali wakafa watu 142. Hata hivyo, wapo Waafrika waliowaficha jirani zao wa Kihindi majumbani mwao. Hao walikuwa wamejuana kabla ya siku ile, na ujirani haushonwi usiku wa moto.

Kuanzia mwaka 1958 serikali iliwaondosha Waafrika kuwapeleka KwaMashu na Umlazi, na Wahindi wengi wakapelekwa Chatsworth. Sehemu kubwa ya bonde ikabaki tupu miaka mingi, mpaka watu walipoanza kurudi kujenga mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo juu ya kilima chake kipo Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, wanakosoma vijana wa nchi nyingi. Kijana wa Kiislamu akifika huko, yampasa ashike mambo matatu.

La kwanza ni kutoharakisha hukumu. Wanavyuoni wa Kiibadhi wamefundisha walaya kwa aliyethibiti wema wake, baraa kwa aliyethibiti uovu wake, na wuquf kwa asiyejulikana hali yake. Wuquf si kumkimbia mtu. Ni kusubiri mpaka ajulikane, naye hawezi kujulikana na aliyemfungia mlango. Na wakati wa kusubiri haki zake zimesimama: aamkiwe, asidhulumiwe, asaidiwe akipatwa na shida. Salamu ya Wazulu ni sawubona, na maana yake ni kwamba umeonekana. Mgeni aanze na hiyo.

La pili ni kutokuwa mzigo. Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Mwenyeji alitoa, na mgeni akajistahi. Hivyo udugu wao ukadumu.

La tatu ni kushika jamaa. Asiuhame msikiti kwa kuwa imamu amefunga mikono naye huiachia. Safu ya sala ndiyo baraza ya kwanza ya mgeni, na hapo ndipo huonekana asiyefika kwa sababu ya ugonjwa.

Na enyi wazazi mlioko Ghuba, mafunzo haya si ya Durban peke yake. Waliorejea Oman kutoka Unguja na bara baada ya mwaka 1970 wanaujua ugeni: wengi walifika Kiswahili kikiwa chepesi kinywani kuliko Kiarabu, wakafurahi kwa kila aliyewafungulia mlango. Basi leo kila mmoja na ajiulize: yule Mbangladeshi anayempimia mchele miaka kumi, jina lake nani? Ana watoto wangapi kwao? Akiugua, nani humpelekea uji? Jirani wa karibu na jirani wa mbali wote wametajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 36, na mwenye duka la pembeni hakutolewa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wageni wema na wenyeji wema, na azilinde nyumba zao kwa wema wa jirani zao. Amin.

Wabillahi taufiq.